Mswaki wa Mjomba na Meno ya Baba

Mjukuu wangu amerudi kutoka masomoni na mswaki unaotetemeka. Aliuweka mezani pamoja na boksi lake, karibu na kikombe changu cha chai, akaniuliza mimi bibi yake: "Nyogokuru, wewe uliyefanya kazi kwa daktari wa meno, upi bora, wa umeme au wa mkono?" Watu wa nyumbani wakatazamana. Wanajua nikitajiwa mswaki wa umeme chai inapoa.

Nitamjibu. Ila jibu langu linaanzia Cibitoke, mdomoni mwa baba yangu, na asiye na subira ahame meza.

Baba alikuwa fundi wa bati. Alitengeneza beseni, taa za mafuta na madebe ya kumwagilia bustani, na mlio wa nyundo yake ndio uliotuamsha. Tulitoka Uvira nikiwa bado mgongoni mwa mama, tukavuka mpaka na kupanga katika mtaa wa Cibitoke, vyumba viwili na ua wa miti. Siku za kazi alikuwa mtu wa nyundo na bati. Jumapili alikuwa mtu mwingine kabisa: tarumbeta la kwanza katika fanfari, bendi ya matarumbeta na ngoma ya parokia, shati jeupe, viatu vilivyopakwa mafuta, na shaba iliyong'arishwa mpaka unaona pua yako ndani yake.

Uhuru ulikuwa na miaka michache tu wakati ule, na sikukuu yake ilikuwa jambo kubwa. Mtaani kwetu bendera ilipopandishwa, fanfari nzima ilinyamaza na mtu mmoja akapiga tarumbeta peke yake mpaka bendera ifike juu. Mwaka mmoja walimchagua baba. Fikiria, mtu wa Uvira! Mtu ambaye jirani tuliyechota naye maji alimwita "mukongomani" asubuhi na jioni, alisimama mbele ya watu wote, na watu wote wakamsikiliza. Kuanzia kesho yake jirani yule yule akawa anamwamkia: "Wa tarumbeta, amakuru?" Unaona ni jambo dogo? Kwa baba lilikuwa kubwa kuliko karatasi yoyote yenye muhuri. Mwalimu wa fanfari alimwahidi kwamba mwaka unaofuata atapiga tena, na baba akaishi kwa ahadi hiyo.

Sasa, tarumbeta halipigwi kwa pumzi tu, kama watu wanavyodhani. Midomo inabanwa kati ya shaba na meno mawili ya mbele. Meno yakicheza, sauti nayo inacheza. Na baada ya Pasaka ya mwaka huo wa ahadi niliona damu kwenye kijiti cha baba.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, na kazi yangu kila asubuhi ilikuwa kumkatia kijiti kutoka kwenye ua. Alitafuna ncha mpaka ikawa nyuzi, akasugua taratibu huku akinisemesha habari za fanfari. Miaka yote alitumia kijiti, na meno yake yalikuwa meupe. Siku ile nyuzi zilitoka nyekundu. Akanitazama, akaficha kijiti kiganjani. "Apana sema kwa mama yako."

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mama hakuhitaji kuambiwa, aliona damu kwenye kitambaa cha kufutia mdomo wa tarumbeta. Akaenda sokoni akarudi na mswaki wa mkono, wa kwanza kuingia nyumbani mwetu, nywele zake ngumu kama za brashi ya viatu. Baba alisugua nao wiki moja kwa nguvu zile zile alizong'arishia shaba, juu chini, juu chini, mpaka beseni likawa jekundu. Akautupa. "Iyi ni ya kusugua viatu," akasema, na kijiti nacho hakukirudia. Siku zile kila mtu alijua sheria moja kuhusu fizi: zikitoka damu, usiziguse. Nani aliitunga sheria hiyo sijui, ila ningempata ningemwambia maneno. Baba akabaki na maji ya chumvi tu, na fizi zikazidi kuvimba.

Hapo ndipo mjomba alipoingia na baraka zake.

Mjomba ni mdogo wake mama. Alikuwa tarishi katika ofisi moja mjini, na aliishi Ngagara, kwenye nyumba za matofali zenye umeme, mwendo mfupi kutoka kwetu lakini yeye alitusimulia kama ng'ambo ya bahari. Bwana wake Mzungu alipokuwa anafunga mizigo kurudi Ulaya, alimwachia tai mbili, feni yenye ubawa uliovunjika, na mswaki wa umeme ndani ya boksi lake. Watu walimpongeza mjomba kama aliyepata mtoto.

Jumapili baada ya misa akatuita wote. Alichomeka waya ukutani, na kile kidude kikaanza kunguruma kama nyuki ndani ya kopo. Wanawake wakapiga yowe. Mjomba akakitia mdomoni, povu likamshuka hadi kidevuni, akatoka akitabasamu mbele ya kila mmoja wetu kwa zamu. Kisha akamgeukia baba.

"Shemeji, we uko na meno ya tarumbeta, tena unasugua na kijiti sawa mbuzi! Kuran ya umeme ndiyo inafanya kazi, mukono unapumzika. Sikukuu ikifika, hayo meno yatakuwa kama chuma."

Baba alipokea kile kidude kwa mikono miwili.

Wakati wote huo mimi nilikuwa nimeshika boksi. Nilikuwa nimemaliza shule ya msingi kwa masista, nikijua Kifaransa cha kutosha, na hata bila Kifaransa picha ilikuwa inasema yenyewe. Kulikuwa na baba, mama, mvulana na msichana, na kila mmoja ana kichwa chake cha mswaki chenye pete ya rangi yake: buluu, nyekundu, manjano, kijani. Mashine moja, vichwa vinne. Chini yake imeandikwa kila mtu na rangi yake. Kwenye mashine ya mjomba kulikuwa na kichwa cha buluu. Vile vingine vitatu nikaviona kwenye kabati la vioo, vimesimamishwa ndani ya gilasi kama maua, kwa urembo.

"Mjomba," nikasema, baba akiwa uani anasukutua, "hapa wameandika kila mutu na rangi yake. Tumupe baba ile nyekundu."

Mjomba akacheka mpaka akashika ukuta. "Sikieni huyu! Wazungu kila mutu sahani yake, kila mutu chumba yake, sasa hata brosi banaanza kunyimana! Sisi tuko watu wa kunyimana, we mutoto? Shemeji yangu mwenyewe nimunyime brosi yangu?"

Wote wakacheka naye. Na niseme ukweli, wakati ule hata mimi niliona aibu kidogo, kana kwamba nimependekeza jambo la uchoyo. Maana kwetu, mtungi wa pombe ukiletwa, mrija unatoka mdomo mmoja kwenda mwingine. Ukisita kupokea mrija alionyonya mwenzako, umemwambia mbele ya watu kwamba unamwogopa au unamchukia. Watu wamekosana miaka kwa sababu ya mrija uliokataliwa. Kwa hiyo mjomba aliposhiriki mswaki wake, machoni pa wote alikuwa ametenda wema mkubwa. Upuuzi ulioje! Lakini ulikuwa upuuzi wa watu wenye roho nzuri, na huo ndio mgumu kuupinga.

Basi baba akawa anatoka kazini saa kumi na moja, ananawa mikono ya bati, anakwenda Ngagara kusugua meno. Nilimsindikiza mara nyingi. Alikandamiza kile kidude kwenye fizi zilizovimba kwa nguvu zake zote, akiamini umeme unataka kusaidiwa. Damu ikitoka mjomba alisema: "Iache itoke, ni uchafu unatoka." Na Jumapili hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa habari zilisambaa. Mke wa mjomba, fundi cherehani wa jirani, wapiga ngoma wawili wa fanfari, shangazi wa mtu fulani aliyekuja tu kuuza ndagala, dagaa wa ziwani, kila mmoja alionja. Nilihesabu vinywa kumi na kimoja kwa kichwa kimoja cha buluu, kikisuuzwa kwenye kikombe kimoja cha maji yaliyokwisha kuwa ya pinki. Na kila mara nilitazama kabati. Vile vitatu vimesimama vyeupe ndani ya gilasi, havijaguswa na mtu. Nilitaka kupasuka!

Nikamwendea mama jikoni. "Mama, zile brosi tatu ni mpya. Tumwambie baba aombe moja."

Mama hakugeuka hata kutoka kwenye sufuria. "Nyamaza. Baba yako asikie kwamba ndugu yangu amemufichia kitu? We unataka kuchonganisha wakwe? Mutoto hapeleki maneno kati ya shemeji na shemeji. Fyu!"

Nikanyamaza. Mimi ambaye leo wananiita mdomo wa redio, nilinyamaza. Niliendelea kumkatia baba kijiti asubuhi kwa mazoea tu, ingawa hakukitumia, na alikipokea kwa heshima, akakitia mfukoni, akanisemesha habari za fanfari. Nami nikamjibu habari za fanfari.

Wiki tatu kabla ya sikukuu, kwenye mazoezi nyuma ya kanisa, nilisikia sauti ya baba ikikatika katikati. Akaanza tena, ikakatika mahali pale pale. Mwalimu wa fanfari, katekista mmoja mpole sana, alisubiri ajaribu tena. Baba alitoa tarumbeta mdomoni, akaingiza kidole, na jino la mbele likaenda na kidole kama mlango usio na bawaba.

Tukaenda zahanati. Muuguzi akalishika jino kwa koleo, halikumsumbua, akalitupa kwenye sahani. Akaligusa la pili, nalo likacheza. Kisha akauliza swali ambalo ningelipa chochote ili aliulize vizuri: "Mzee, unasugua meno na nini?"

Baba, na shimo lake mdomoni, akanyoosha mgongo. "Na ya umeme."

"Ya umeme!" Muuguzi alimtazama upya, kwa heshima. "Aa, basi si mswaki. Labda ni damu yako tu." Na akaandika dawa.

Ala! Hata yeye! Hakuuliza ni wa nani, hakuuliza unasuguaje, hakuuliza umeanza kutoka damu lini. Neno umeme lilimfumba macho kama lilivyotufumba sisi tusiosomea uuguzi. Miaka mingi baadaye, nikiwa nashika taa na kuosha vyombo katika chumba cha meno cha hospitali, nilimsimulia daktari kisa hiki. Alinieleza polepole kwamba ugonjwa ulikuwepo kabla ya mashine, na huenda jino lile lingetoka hata hivyo. Huenda lisingetoka. Fizi zinazotoka damu ndizo zinazotaka kusuguliwa, tena kwa nywele laini, taratibu, kwenye mpaka wa fizi na jino, nyuma na mbele, bila haraka. Mkono mpole unaweza, kijiti laini kwenye mkono wenye subira kinajitahidi, na mashine inaweza pia, hasa kwa mtu ambaye mkono wake umechoka au unatetemeka, ili mradi asiikandamize, na kiwe kichwa chake mwenyewe. Mambo manne, matano. Mtu angeweza kutuambia yote kabla ubugali haujaiva.

Sikukuu ikakaribia. Mwalimu wa fanfari alikuja nyumbani mwenyewe kumwambia baba kwamba mwingine atapiga peke yake. Alivua kofia akisema hivyo. Baba aliomba jambo moja tu: "Unibakize mu ligne." Akakubaliwa abaki safuni.

Siku yenyewe nilisimama kando ya barabara na mama na mjomba, vumbi la kiangazi usoni. Fanfari ikaja. Baba alikuwa safu ya pili, shati jeupe, tarumbeta mdomoni, mashavu yamejaa, vidole vinapanda na kushuka kama kawaida. Alipita hatua tatu kutoka kwangu. Sauti ya tarumbeta la baba naijua kama ninavyojua kikohozi chake, na kutoka katika shaba ile haikutoka hata pumzi. Alitembea barabara nzima akipiga kimya. Bendera ilipopanda, mtu mwingine alisimama mbele, akapiga vizuri, sitamsingizia. Na yule jirani wa maji, aliyekuwa karibu yetu, akamuuliza mama: "Mukongomani wenu leo vipi? Anaumwa?"

Mama alinishika mkono kwa nguvu. Mukongomani, mbele ya mkewe na mtoto wake. Mwaka mmoja tu na lile jina la "Wa tarumbeta" lilikuwa limekwisha.

Baadaye tukaenda kula kwa mjomba. Wali, maharage, ndagala, chupa za bia mezani. Baba alikaa akitafuna upande mmoja. Mjomba, na najua alitaka kumfariji, akampiga begani: "Shemeji, tulikusikia bien, muzuri kabisa! Sasa enda usugue kidogo, hiyo ingine isitoke." Akachomeka waya, kidude kikaanza kunguruma.

Ile ngurumo ndiyo iliyonimaliza. Niliinuka, nikafungua kabati la vioo bila kuomba ruhusa ya mtu, nikatoa gilasi, nikamimina vichwa vitatu mezani kati ya sahani. Kimoja kikaangukia kwenye maharage.

"We!" mama akasema.

"Apana, mama. Leo sinyamazi. Baba, hizi zilikuwa mule tangu siku ya kwanza. Mpya. Kwenye boksi kuna picha, kila mutu na yake. Hii nyekundu ingekuwa yako."

Mjomba aliondoa waya ukutani. Uso ulikuwa umembadilika, na lazima niseme haki, alikuwa na haya za kweli. "Nilikuwa ninaweka akiba," akasema. "Ile ya buluu ikizeeka, tutie ingine. Shemeji, mi nilikuwa najua nini?"

Baba akanyoosha mkono mezani. Alichukua kile chenye pete nyekundu, akapitisha kidole gumba kwenye nywele zake nyeupe, zikainama na kusimama. Nilingoja amgeukie mjomba. Nilikuwa nimelisubiri jambo hilo wiki nyingi, nilikuwa nimejiandaa kulifurahia. Akanigeukia mimi.

"Ulijua tangu siku ya kwanza?"

"Ndiyo, baba."

"Mjomba wako ulimwambia?"

"Ndiyo."

"Na mama yako?"

"Ndiyo, baba."

Hewa ilipita kwenye pengo lake kila alipotamka, na alikuwa bado hajazoea. "Kila asubuhi unaniletea kijiti, tunaongea," akasema. "Mi mwenye meno, hukuniambia."

Hakupaza sauti. Alirudisha kichwa chekundu ndani ya gilasi, akavuta sahani yake, akaendelea kutafuna upande mmoja. Jino la pili lilitoka kabla ya Noeli. Tarumbeta akamrudishia mwalimu wa fanfari, likiwa limeng'arishwa.

Ndiyo maana, mjukuu wangu, kabla ya kukujibu nilivuta boksi lako nikaangalia ndani. Nikakuta kichwa kimoja kwenye mashine na kingine bado kwenye karatasi yake. Nikakuuliza hiki ni cha nani. Ukajibu, na dada yako akiwa amekaa hapo hapo akisikiliza: "Cha akiba, Nyogokuru. Na yeye anatumia huu huu."

Mama yenu akasema: "Mama, basi, ni mswaki tu, kunywa chai." Nikaipasua ile karatasi, nikamwita dada yako, nikampa kichwa kile mkononi.